Nesi wa Pikipiki

Mbele yake tulimwita Sista. Nyuma yake tulimwita Nesi wa Pikipiki, ingawa kwa miaka mingi ya mwanzo niliyokaa naye jirani pale Otonglo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona juu ya pikipiki. Jina lilimfuata kutoka upande wa Asembo Bay, likiletwa na akina mama waliokuja kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni kwetu. Yeye alipolisikia aligeuza uso, kama mtu aliyepigwa na jua machoni.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilitoka kwetu, upande wa Waluhya, baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikaweka cherehani kwenye baraza ya duka moja kando ya barabara ya Busia. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, ukuta mmoja na nyumba ya Nesi. Nilimjua kama majirani wanavyojuana: kikohozi chake, redio yake, namna anavyofunga mlango kwa kuusukuma na goti. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Kidholuo changu siku hizo kilitosha kununulia nyanya tu. Aliniita Fundi. Sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi, na yeye hakuniuliza kwa nini niliachika.

Njia ya kutoka nyumbani kwake kwenda zahanati ilipita katikati ya soko, fupi na nyoofu. Nesi hakuipita. Alizunguka nyuma, kando ya shamba la mihogo, akaruka mtaro mpana uliokuwa unapeleka maji machafu bondeni, akaingia zahanati kwa mlango wa nyuma. Wakati wa mvua alifika viatu vimejaa matope, na alikuwa na kitambaa maalumu cha kuvifutia kabla hajamwona mgonjwa wa kwanza. Nilimwambia mara nyingi kwamba soko halina mtu wa kumla. Alikubali, akacheka kidogo, na kesho yake nikamwona tena kwenye mihogo.

Kanisani aliimba vizuri sana, sauti ile ya pili ya wanawake, lakini alisimama nyuma ya nguzo. Harusi zikipigwa picha alikuwa jikoni anaosha sahani. Nguo zake za ndani alizianika ndani ya nyumba, zikawa na harufu ya unyevu. Siku aliyoshikwa na malaria kali nilimpelekea uji, akaniambia kupitia dirishani niuweke chini mlangoni. Hakutaka nimwone nywele zikiwa hazijachanwa.

Lakini akivaa lile vazi jeupe alikuwa mtu mwingine kabisa. Watu wa Otonglo bado wanasimulia habari ya askari mmoja mrefu aliyejificha nyuma ya pazia kwa kuogopa sindano, na Nesi akamdunga hapo hapo, kupitia pazia. Aliwahi pia kuja mzee wa kanisa, mtu wa heshima, ambaye alizungumza kwa mzunguko mrefu juu ya homa, juu ya mgongo, juu ya usingizi, mpaka foleni ikaanza kunung'unika nje. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole: "Mwili hauna adabu, Baba. Toa suruali."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mwili hauna adabu. Aliwaambia wasichana waliokuja wamejifunika uso kwa leso, akawaambia akina mama walioona haya kufungua matiti yaliyovimba. Alilisema bila kucheka, na watu walifungua vifungo. Mimi mwenyewe aliniambia siku moja, na sitaeleza ilikuwa kwa sababu gani. Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Kwangu alileta kazi moja tu, tena kila mwaka: sketi. Alitaka kitambaa kizito, kipana, chenye bitana ndani. "Nyuma shona mara mbili, Fundi," alisema kila mara, hata baada ya mimi kujua. Akija kuichukua aliuvuta mshono wa nyuma kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama anayetaka kuipasua. Nilidhani ni dharau kwa kazi yangu. Baadaye nilizoea.

Pikipiki yenyewe ilikuwa jikoni kwake, nyuma ya nyumba. Ilikuwa ya Kijapani, rangi ya bluu, ile ya tangi refu ambayo miradi ya afya iliwapa wafanyakazi wa vijijini mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mradi ulipokwisha wenyewe walimwachia. Alipohamia kwetu aliileta kwa lori, katikati ya magunia ya makaa, akayaacha magunia hayo hayo juu yake. Kuku walitagia kwenye kiti. Moshi wa kuni uliipaka masizi mpaka mgeni asingejua ni nini kilichoegemea pale ukutani.

Pasta mmoja alitaka sana kuinunua. Alikuja mara kadhaa, akakaa, akanywa chai, akazungumza juu ya kazi ya Mungu na umbali wa makanisa. Nesi alimjibu kwamba haitembei. Pasta akasema atatafuta fundi. Nesi akasema haitengenezeki. Pasta akaomba basi aitazame tu, na Nesi, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu vibaya mtu wa Mungu, alisimama akafunga mlango wa jikoni na kutia ufunguo mfukoni. Hakutaka kuiona wala kuiuza. Hilo halikuniingia akilini, na kila mtu sokoni alikuwa na maelezo yake: kwamba aliiba, kwamba alilaaniwa, kwamba wanaume wa Asembo walimcheka mpaka akaacha kuendesha.

Hao wa mwisho walikuwa karibu na ukweli.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati ambapo kila familia ilikuwa na mgonjwa mmoja chumba cha nyuma, na kila mgonjwa alikuwa na malaria. Tulisema malaria, tukaitikia malaria, tukazika malaria. Wanawake walikuja kwangu kupunguza nguo za waume zao, kisha wakarudi tena kupunguza zile zile, na mimi sikuuliza. Zahanati ilikuwa inajaa watoto, lakini wale wagonjwa wenyewe hawakuja. Walifichwa. Nesi alijua nyumba gani zina pazia lililoshushwa mchana.

Siku moja mama mmoja wa omena, mzungumzaji sana, alikaa kwenye benchi langu akingoja nimshonee mkoba wa kiunoni. Nesi alikuwa amesimama hapo akishika sketi mpya. Yule mama alimwambia kwamba kule kwao, karibu na Asembo Bay, kuna mjane amelala.

"Amekataa hospitali," alisema. "Hata manesi wa pale karibu amefukuza. Anasema aletewe yule nesi wa pikipiki peke yake."

Nesi aliuliza ni nani. Mama wa omena akamtaja, akataja na ukoo wa mume wake. Nesi alikaa. Alikaa juu ya kitambaa cha mteja nilichokuwa nimekikata, na sikuthubutu kumwambia ainuke. Yule mama aliendelea na habari nyingine, bei ya chumvi na mambo ya mabwana wa samaki, akalipa, akaenda. Nesi akainuka naye akaenda, akiacha sketi yake juu ya cherehani.

Jumamosi iliyofuata aliniita nyuma. Magunia yalikuwa yametolewa nje. Pikipiki ilisimama katikati ya ua, imepauka, tairi zimelala chini na kupasuka pembeni kama visigino vya mtu anayetembea peku, na kuku walikuwa wanaizunguka wakitafuta mahali pao pa kutagia.

Nilimuuliza kwa nini asipande gari tu. Magari ya Bondo yalipita kila siku, angeshukia njia panda na kutembea.

"Sikumkosea nikiwa kwenye gari," alisema.

Alinipa bisibisi na kunionyesha vifungo vya kiti.

Kumbe aliijua ile mashine. Mradi uliwafundisha kuitunza wenyewe kwa sababu kule ufuoni hakukuwa na gereji, na mikono yake ilikumbuka zaidi kuliko alivyotaka. Alifungua kisanduku cha filta ya hewa akakuta panya wametengeneza kiota kwa pamba na nyuzi, nyuzi zangu mwenyewe za cherehani. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa imegeuka kuwa kitu kizito chenye harufu ya rangi ya mlango, na ndani kulikuwa na kutu. Tulitia mafuta ya taa na kokoto ndogo, tukashika tangi huku na huku, tukalitikisa mpaka mabega yakaisha. Kilichotoka kilikuwa chekundu kama maji ya mtaro. Tulirudia mara nyingi. Majirani walichungulia juu ya ua wakauliza tunapika nini.

Tairi na betri alivifuata Kisumu. Alirudi na tairi zikiwa ndani ya gunia, kana kwamba ameziiba, akapita njia ya mihogo. Mimi nilishona kiti upya kwa turubai, mishono ya kuvukana, na mafuta ya cherehani yangu yaliingia kwenye kila kebo mpaka zikaanza kuteleza. Breki zilikuwa zimeshikana na chuma; alizibandua kwa nyundo na mbao, polepole, akiwa ameuma mdomo.

Kabureta ndiyo iliyotuchukua muda. Alikaa chini kwenye mkeka ameitandaza vipande vipande juu ya gazeti, akisafisha vile vitundu vidogo kwa sindano ya zahanati iliyokwisha kazi. Ilikuwa alasiri, na mvua ilikuwa inakusanyika upande wa ziwa. Bila kuinua macho alianza kunieleza, na niliogopa hata kukohoa asije akaacha.

Alisema wakati ule aliendesha pikipiki akiwa na sketi, kwa sababu wakubwa wake hawakutaka kusikia habari ya suruali. Siku hiyo alikuwa anatoka kuchanja watoto. Mvua ilikuwa imenyesha, na penye kijito pikipiki ilimtupa. Hakuumia, ila sketi ilipasuka nyuma, kutoka kiunoni hadi chini, na chupi ilikuwa nje, imelowa matope. Alijifunga sweta. Upepo ukaifungua. Akaona ni heri afike nyumbani haraka, abadilishe, kabla hajaonana na mtu.

Katikati palikuwa na steji ya magari, na steji ile ilimjua. Kila alipopita, vijana na watu wazima waliinua mikono na kupiga kelele, wakamwita majina, wengine wakakimbia nyuma yake wakikumbatia hewa kama wanaomshika kiuno. Hiyo ilikuwa kila siku, na kila siku aliumeza. Kwa hiyo alipoona kwa mbali watu wamejaa barabarani wakiinua mikono, alijua wameiona sketi. Aliinama juu ya tangi, akafungua petroli yote, akawapita kwa pembeni, gurudumu kwenye majani. Sauti ya mama mmoja mzee ilimfuata mbali sana. Hakugeuka.

Nyuma ya wale watu alikuwa amelala mwanamke. Uchungu ulimshika njiani akiletwa zahanati kwa baiskeli, na mtoto alitanguliza miguu. Yule mama mzee alikuwa mkwe wake. Walikuwa wanamsimamisha nesi.

Mtoto hakuishi.

"Mimi ndiye nilikuwa nawaambia watu mwili hauna adabu," alisema. Alipuliza kitundu cha kabureta, akakitazama kwenye mwanga, akapuliza tena.

Hakuna aliyemshtaki. Hakuna aliyekuja zahanati kumtukana. Waliendelea kuleta watoto wao kuchanjwa, wakamsalimia, na hilo ndilo lililomshinda. Aliomba uhamisho. Alisema aliibeba pikipiki kwa sababu hakutaka mtu mwingine aonekane nayo kule, akafikiriwa ni yeye amerudi bila haya.

Nilikusanya skrubu ndogo zilizokuwa zinataka kupotea kwenye mkeka. Ningeweza kumwambia kwamba hakujua, kwamba mtu yeyote angefikiri vile vile, na nina hakika alikuwa ameshajiambia hayo yote kwa miaka mingi bila kusaidika. Aibu yake iliniingia na mimi, kama moshi unavyoingia kwenye nguo, nikawa siwezi kumtazama.

Injini iliitika siku ambayo tulikuwa tumekata tamaa. Alipiga kiki mpaka goti likavimba, kisha ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliojaza ua, ikanguruma. Kuku walipanda juu ya paa. Nesi aliruka kando akaishika kwa mkono mmoja kama anayemshika ng'ombe asiyemwamini.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Njia yake ya mihogo ilikuwa na mtaro, na pikipiki hairuki mtaro. Ilibidi apite sokoni, maana kichochoro chetu kilitokea barabarani kupitia huko tu.

Alichagua asubuhi, akidhani watu watakuwa wachache, lakini ilikuwa siku ya soko na akina mama walikuwa wameshatandaza. Nilimtangulia kwa miguu. Alitoka kwenye kichochoro polepole, mgongo umenyooka, macho mbele. Watu walinyamaza mmoja mmoja. Alifika penye wauza nyanya, na hapo hapo, katikati kabisa, ikazima.

Alipiga kiki. Ikakataa. Mtu mmoja alisema kwamba leo pikipiki imelewa, kicheko kikapita kutoka upande mmoja wa soko hadi mwingine. Mwingine akamuuliza kama amempa mgonjwa huyo sindano. Niliona shingo yake ikilowa jasho. Nilijua angeiacha pale pale na kukimbilia mihogoni, na nilikuwa tayari kuisukuma mimi. Badala yake alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi kati ya nyanya na vitunguu, akafungua plagi, akaifuta kwa ncha ya sketi yake, akaikwaruza kwa kisu alichoazima kwa mama mmoja. Alichukua muda wake. Kilemba kilidondoka, nywele zake zikaonekana, mvi tupu, hazijachanwa. Hakukiokota mpaka alipomaliza kufunga. Alimrudishia mama kisu chake akamshukuru.

Ilipowaka watu walipiga makofi, na nadhani makofi yalimuumiza kuliko kicheko.

Tulikwenda wote wawili. Alisema anahitaji mtu wa kusukuma ikizima, lakini mimi nilijua ni kitu kingine. Nilikaa nyuma, mkoba wa dawa na mashuka kati yetu, nikaona haya mimi pia, mwanamke wa umri wangu ametanua miguu barabarani mbele ya mashemasi wa kanisani kwetu. Baada ya Kisian tuliacha lami kubwa. Ilizima mara kadhaa tena, na kila mara alizungumza nayo kwa Kidholuo, chini chini, maneno ambayo nilifikiri ni matusi mpaka nilipoyaelewa. Alikuwa anaiomba.

Karibu na steji ile alipunguza mwendo. Nilihisi mgongo wake ukikaza. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye gogo, wengine wazee sasa. Angeweza kupita. Alisimama mbele yao kabisa, akazima injini kwa mkono wake mwenyewe, akawasalimia, akauliza njia ya kwenda kwenye boma la yule mjane, ingawa aliijua vizuri. Walimtazama. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini, kwamba ni yeye. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha njia. Hakuna aliyecheka, na Nesi alibaki amesimama zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, kama anayengoja kitu ambacho hawakuwa nacho.

Kwenye boma yule mkwe alikuwa amekaa nje akichambua omena kwenye ungo. Aliitazama pikipiki, kisha akamtazama aliyeiendesha. Aliweka ungo chini, akainuka kwa fimbo yake, akapita nyuma ya nyumba bila salamu. Hatukumwona tena siku hiyo.

Mgonjwa alikuwa chumba cha nyuma. Harufu ilitufikia kabla ya kufungua pazia. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mifupa, amebaki mifupa hiyo tu, lakini macho yake yalikuwa makali na hayakuhama. Nilisimama mlangoni. Walizungumza Kidholuo, na wakati huo nilikuwa nimeshakielewa.

"Umezeeka," mgonjwa alisema.

Nesi alikubali. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kusema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyapanga njia nzima. Alianza na siku ile.

"Siku ile naijua," mgonjwa alimkatiza. "Nilikuwepo."

Mgonjwa alipumzika, akavuta pumzi. Alisema manesi wa karibu anawajua wote. Huyu wanaimba naye, yule walisoma naye. Akiwaonyesha mwili ule, hata wakinyamaza, yeye atajua kwamba wameuona, na atawaonea haya mpaka atakapozikwa. "Nikafikiri moyoni, ni nani duniani siwezi kumwonea haya? Nikakupata wewe. Wewe ndiye utaona haya, si mimi." Kisha akasema: "Sasa funga mlango, uniangalie."

Nilidhani Nesi atasema lile neno lake. Hakulisema. Siku zile nilizobaki naye sikulisikia tena. Aliinuka, akafunga mlango, nikabaki nje na pikipiki iliyokuwa bado inatoa joto. Nilisikia maji yakimiminwa, nikasikia mgonjwa akilia kwa maumivu, na baada ya muda mrefu nikasikia sauti mbili zikizungumza jambo la kawaida, bei ya sukari au kitu kama hicho. Nesi alitoka amebeba mashuka machafu, akayafua mwenyewe kwenye karai, akayaanika nje kwenye ua, mahali ambapo kila apitaye angeyaona.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kama amesamehewa. Ilibidi nipige kelele kwa sababu ya upepo. Alisema hakuitiwa hilo.

Alienda kila wiki mwaka ule, peke yake. Mimi nilisikia injini ikiondoka na kurudi. Mgonjwa alifariki kabla ya mvua za vuli, familia ikasema malaria, na Nesi kwenye mazishi alikaa na watu wa mbali. Baadaye nyumba nyingine zilianza kumwita, za huko na za kwetu, mapazia yakafunguliwa moja moja, si yote. Sitasema alibadilika akawa mtu wa kutembea kifua mbele. Alipita sokoni kwa sababu ya mtaro, na alipita akiwa ameinamisha uso, akisalimia tairi la mbele. Watoto walipomshangilia aliona haya vile vile.

Mwishoni mwa miaka ile nilihamishia cherehani yangu mjini Kisumu, na habari zake zikawa za kusikia. Alistaafu. Alirudi kukaa upande ule wa Asembo, jambo lililonishangaza. Mara ya mwisho kuonana naye nilikuwa nimekwenda huko kwa shughuli ya sare za kwaya. Nilimkuta barabarani amepiga magoti anakaza mnyororo wa pikipiki, sketi imejaa grisi, nywele nyeupe kabisa. Alinitazama kwa muda, akaniita Fundi, akaniambia nipande.

Alisema anapita kwa mgonjwa wa presha mara moja. Nilipoona tunaingia kwenye boma lile lile niliuliza kama yule mkwe bado yupo hai. Ndiye mgonjwa, alisema. Nikauliza kama siku hizi wanasemezana.

"Hapana," alisema. "Ananiwekea maji ya kunawa."

Na kweli mlangoni palikuwa na beseni, maji masafi, kipande cha sabuni juu ya kisahani, na taulo iliyokunjwa. Nesi alinawa akajifuta. Yule mama mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje, mdogo sana sasa, fimbo mapajani. Hakututazama. Alikunja mkono wa gauni lake mwenyewe, akaunyoosha mkono, akageuza uso upande wa ziwa.

Nesi alipiga magoti chini, akamfunga kile kitambaa cha kupimia, akabana mpira, akaweka kifaa masikioni na kusikiliza. Hewa ilipotoka akafungua kitambaa, akakikunja, akaweka vidonge kwenye kigoda. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mama mzee hakuurudisha mkono wake. Uliendelea kukaa pale hewani, mwembamba, naye bado ametazama ziwa. Nesi aliutazama. Kisha akaupokea kwa mikono yake miwili, akaushikilia, na mimi nikaenda kusimama karibu na pikipiki, nikawapa mgongo.